Traka Inazima Gari na Kulaza Betri: Je, Madereva 23 Wanaweza Kushtaki kwa Pamoja?

SWALI: "Asalaam aleikum. Mimi ni dereva wa teksi ya mtandaoni hapa Mombasa. Mwaka juzi nilichukua gari kwa mkopo kutoka kampuni moja ya fedha. Nilitoa arubuni ya shilingi 180,000, na kila wiki nalipa 9,500, mwisho Jumatatu saa sita usiku. Gari lilikuja na traka, kifaa cha kufuatilia gari, ambayo gharama yake imo ndani ya mkopo. Tangu hapo nimeshanunua betri tatu. Mwezi jana nilichelewa kulipa, nikatuma pesa Jumanne saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Ujumbe wa M-Pesa ninao. Saa kumi na mbili na dakika arobaini, nikiwa napanda Daraja la Nyali na abiria nyuma, injini ikazimika. Tuko madereva 23 kwenye kundi la WhatsApp, wote tuna malalamiko na kampuni hiyo hiyo. Mpwa wangu anasema Marekani watu hushtaki kwa pamoja wakalipwa bila hata kufika kortini, na kuna bwana anatuitisha shilingi 3,000 kila mmoja atuandikishe kwenye kesi ya namna hiyo huko nje. Tufanyeje? Na nikimwambia fundi aitoe hiyo traka kuna ubaya?"

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Pole kwa yaliyokukuta darajani.

Tummalize kwanza huyo bwana wa 3,000. Msimpe kitu. Kesi za pamoja za Marekani hazina kiingilio. Kwa kawaida mtu huhesabiwa ndani ya kundi kwa sababu ya alichonunua, na anayetaka kutoka ndiye anayeandika barua. Kundi lenyewe huelezwa kwenye karatasi za korti kwa maneno yaliyopimwa, mara nyingi "walionunua au kukodi gari la aina fulani, la miaka fulani, ndani ya Marekani". Gari lililoshuka hapa bandari ya Kilindini halimo humo. Isitoshe, unacholalamikia hakikutoka kiwandani na gari. Traka ilifungwa hapa, na mtu wa hapa, kwa mkataba wa hapa. Wa kumshtaki yuko karibu, na hilo ni afadhali kuliko kumfuata mtu ng'ambo.

Mpwa wako hajakosea, ila kasikia nusu ya habari. Mwaka 2013 wenye magari ya Ford nchini Marekani walifungua kesi kuhusu mfumo wa skrini uitwao MyFord Touch, uliokuwa ukiganda na kujizima. Kesi ilimalizika kwa suluhu ya dola milioni 17 mwaka 2019, yaani baada ya miaka sita, na aliyekuwa na kumbukumbu za matengenezo mengi alistahili zaidi ya asiye nazo. Sasa linganisha na hii. Mwaka 2015 watafiti Charlie Miller na Chris Valasek walionyesha kwamba wanaweza kuingilia Jeep Cherokee kupitia mtandao na kulipunguza mwendo likiwa barabara kuu. Magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Wenye magari wakashtaki kwamba walilipishwa bei isiyolingana na thamani. Kesi ilitupwa mwaka 2020 na mahakama ya rufaa ikaunga mkono mwaka 2022, kwa kuwa hawakuthibitisha hasara iliyowapata wao wenyewe. Waliokuwa na stakabadhi walilipwa. Waliokuwa na hofu, hata hofu ya haki, walirudi mikono mitupu.

Hapo ndipo penye shida ya kundi lenu. Nyote mna hasira na kampuni moja, lakini sioni bado kama mna kasoro moja. Kwenye maelezo yako mwenyewe mna mambo mawili mbalimbali, betri na kuzimiwa gari, na hilo la pili linaweza kugawanyika tena. Korti haijumlishi malalamiko kwa sababu yanamwendea mtu mmoja. Inauliza kama swali la kujibiwa ni lile lile kwa kila mmoja.

Tuanze na betri. Traka ni simu isiyo na skrini: ina laini ya simu, kipokezi cha GPS na betri yake ndogo ya akiba, na vyote vinanyonya betri ya gari hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Iliyofungwa vizuri hulala gari likisimama, ikatumia miliampea chache tu. Isiyolala huwa na mojawapo ya sababu hizi. Waya wake wa swichi umeunganishwa kwenye umeme wa kudumu, kwa hivyo inaamini gari limewashwa saa zote. Au kihisi cha mtikisiko kimewekwa chepesi mno, kila lori likipita inaamka. Au gari linalala mahali mtandao ni dhaifu, kama egesho la chini ya jengo au banda la mabati, na kifaa kinakesha kikitafuta mnara.

Fanya hesabu kabla ya kulaumu. Betri ya ampea-saa 45 ikinyonywa ampea 0.25 bila kukoma hupoteza nusu ya nguvu yake kwa saa 90, karibu siku nne. Ukirudi kutoka matangani Kilifi siku ya tano na gari linajibu "tik tik tik", hesabu inakubali. Lakini usiku mmoja wa saa kumi ni ampea-saa 2.5 tu, na hizo haziwezi kulaza betri nzima. Dereva mwenzako anayeegesha saa nne usiku na kukuta gari limekufa alfajiri ana tatizo jingine: alteneta isiyochaji, betri kuukuu, au kamera na chaja za abiria zilizobaki zikifanya kazi. Huyo msimweke kwenye kesi ya traka. Mtu mmoja wa namna hiyo akihojiwa na wakili wa kampuni, anawavuta wote chini.

Kipimo hiki fundi yeyote wa umeme wa gari anakiweza. Betri iwe imechajiwa, karibu volti 12.6 gari likiwa limezimwa, na injini ikinguruma alteneta itoe kati ya volti 13.8 na 14.4. Kisha zima gari, toa ufunguo, funga milango yote na ungoje dakika 30 hadi 60, maana kompyuta za gari nazo huchukua muda kulala. Fundi anaweka malitimita, yaani mita ya kupimia umeme, kwenye tundu la ampea 10, anafungua kichwa cha negativu cha betri na kuiingiza mita katikati ya betri na waya. Ukisahau ukageuza ufunguo hapo, fyuzi ya mita inakatika, kwa hivyo ufunguo akae nao mtu mwingine. Magari mengi husoma chini ya ampea 0.05. Ikisoma 0.25, chomoeni fyuzi ya traka, ile ndogo ya ampea 3 au 5 iliyo kwenye waya mwekundu, na mtazame. Ikishuka hadi 0.03, mwizi mmemkamata. Rudisheni fyuzi mahali pake. Rekodini video moja isiyokatwa inayoonyesha namba ya gari, mita na tarehe. Fanyeni hivyo kwa magari sita au saba, na fundi asiyekuwa rafiki ya yeyote kati yenu aandike ripoti na kuitia sahihi.

Kuzimika ni jambo zito zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Traka haizimi injini yenyewe. Inaamuru rilei, swichi ndogo ya sumaku, ikate waya mmoja. Waya upi? Fundi akiikata njia ya stata, mota ya kuwashia injini, gari linalotembea haliwezi kuzimika hata amri ije. Utakachokosa ni kuliwasha tena ukishalizima. Akikata njia ya pampu ya petroli au ya swichi ya injini, amri ikifika gari linakufa pale lilipo. Kwa kuwa lako lilikufa likipanda daraja, uwezekano mkubwa ni kwamba rilei yako iko kwenye njia ya pampu au ya swichi. Huo ni uamuzi wa mtu aliyefunga, na kama amewafungia wote 23 hivyo, basi hiyo ni kasoro moja ya kweli. Injini ikifa, usukani wa umeme unaweza kuwa mzito ghafla na breki hubaki na nguvu ya kukanyagwa mara moja au mbili kabla ya kuwa ngumu. Haya fundi ayaeleze kwenye ripoti, maana hakimu huenda hajawahi kuyapata.

Vifaa vingi vina ulinzi: havikati ikiwa kasi imezidi kiwango kilichowekwa, tuseme kilomita 20 kwa saa. Tatizo ni kwamba kasi hiyo husomwa kwa GPS. Gari likitoka tu egesho la chini ya jengo, kipokezi hakijaona setilaiti, kinaandika kasi sifuri, na kifaa kinadhani umesimama. Pengine ulinzi wenyewe haukuwashwa kabisa. Kisha kuna amri inayochelewa njiani. Amri ya kuzima inaweza kutolewa saa sita na dakika tano usiku, wakati hujalipa. Traka ikiwa haina mtandao, amri inakaa kwenye foleni. Ukilipa alfajiri, amri ya kufungua nayo inaingia foleni. Ujumbe mfupi haulazimiki kufika kwa utaratibu uliotumwa, kwa hivyo ya kufungua inaweza kutangulia na ya kuzima ikafuata, na wewe uko darajani.

Na kuna uwezekano wa tatu ambao madereva hawapendi kuusikia: hakuna aliyetuma amri. Nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu, kwa hewa ya chumvi ya Mombasa, huota kutu ya kijani ndani ya miaka miwili. Kiungo kikilegea pampu inakosa umeme. Hapo mwenye kosa ni aliyefunga, na mfumo wa malipo hauhusiki.

Utajuaje ni ipi? Kumbukumbu za seva, kompyuta zinazotuma amri kwa traka, zitasema, na una haki ya kuzidai. Safari zako, mahali ulipokuwa na amri zilizotumwa kwenye gari lako ni data yako binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kila dereva aandike barua yake, akitaja namba ya gari na namba ya IMEI, ile ya kuitambulisha traka yake, na aombe: aina ya kifaa na toleo la programu yake ya ndani, mipangilio ya kuzima injini, pamoja na kiwango cha kasi, kila amri ya kuzima na kufungua kwa nyakati tatu, yaani ilipotolewa, ilipotumwa na kifaa kilipojibu, kasi na idadi ya setilaiti wakati huo, na volti za betri ya gari zilizorekodiwa. Hilo la mwisho wengi hawalijui. Traka nyingi huripoti volti kila zinapotuma taarifa, kwa hivyo kampuni huenda ina grafu nzima ya betri yako ikishuka usiku baada ya usiku. Kanuni za mwaka 2021 zinatoa siku 7 za kujibu ombi la namna hii, bila malipo. Wakikaa kimya, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo sheria inaitaka imalize uchunguzi ndani ya siku 90 na inaweza kuamuru fidia.

Zikija, angalia saa kwa makini. Seva nyingi huandika saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Injini yako ilizimika saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, ambayo kwa saa ya simu ni 06:40. Kwenye karatasi yao itasomeka 03:40. Ujumbe wako wa M-Pesa unasema 05:10. Mtu asiyejua akiziweka pamoja ataona ulizimiwa saa moja na nusu kabla ya kulipa, na kesi yako imekwisha hapo. Ongeza saa tatu kwenye kila mstari kabla ya kubishana. Kumbuka pia kwamba picha za skrini na video haziingii kortini hivi hivi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka hati ya kuthibitisha kifaa kilichozitoa na jinsi zilivyotolewa, kwa hivyo simu iliyorekodi isiuzwe.

Sasa sheria. Katiba, Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inaruhusu kesi ya pamoja hata kama mkataba wenu una maneno ya kuizuia, na maneno kama hayo hupenda kujificha ukurasa wa mwisho. Tarajieni kampuni iseme gari ni la biashara na nyinyi si watumiaji. Hoja hiyo ina majibu, na hata ikipita, madai ya kuvunja mkataba na ya uzembe yanabaki. Watasema pia ulichelewa. Ni kweli, ulichelewa saa tano, na mkataba huenda unawaruhusu kukuzimia. Swali lako liwe hili: je, unawaruhusu kulizima likiwa na abiria barabarani, tena pesa zikiwa zimeshaingia?

Njia ya kwanza ni kesi ya uwakilishi, chini ya Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za 2010, Amri ya 1, kanuni ya 8. Mmoja au wachache wanashtaki kwa niaba ya wote wenye maslahi sawa, na wengine wanapewa notisi, mara nyingi kwa tangazo gazetini, kwa gharama ya walioshtaki. Ya pili ni kujiandikisha nyote kama walalamishi kwa majina, mkiwapa wachache idhini ya maandishi iliyotiwa sahihi na kuwasilishwa kortini. Kundi la WhatsApp haliwezi kushtaki kwa jina lake, maana si mtu mbele ya sheria. Ya tatu ni kila mmoja kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, haimlazimu mtu kuwa na wakili, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Mombasa ipo.

Watu hukimbilia ya kwanza kwa sababu ina jina kubwa. Mimi ningegawa. Pesa za betri, kuvutwa gari na siku za kazi zilizopotea kila mtu azidai mwenyewe kwenye Madai Madogo, kwa risiti zake. Kwa hasara ya elfu 60 au 70 hakuna njia nyingine yenye faida. Lakini mahakama hiyo kazi yake ni madai ya pesa, haitawalazimisha wabadilishe mfumo. Kwa hilo, chagueni wale tu waliozimiwa gari likitembea, hata wakiwa sita, waende na kesi ya uwakilishi kuomba amri kwamba rilei zihamishwe kwenye stata na magari yasizimwe yakiwa safarini. Washtakiwa wawe kampuni ya mkopo pamoja na aliyefunga traka, la sivyo kila mmoja atamsukumia mwenzake ambaye hayuko kortini. Kabla ya yote hayo, tumeni barua moja ya madai iliyoambatishwa ripoti ya fundi, mkiwapa siku 14. Kampuni nyingine hulegea hapo hapo. Kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani kuhusu masharti kandamizi hakugharimu kitu na kunaweza kwenda sambamba.

Kuhusu gharama semeni wazi kabla hamjaanza. Kenya, kwa kawaida anayeshindwa hulipa gharama za aliyeshinda, na wakili haruhusiwi kukubaliana nanyi kwamba mtamlipa mkishinda tu. Sheria ya Mawakili inabatilisha mapatano hayo. Waliotanguliza majina yao ndio watakaodaiwa kwanza, kwa hivyo wengine 17 watie sahihi ahadi ya kuchangia, kwa kiasi kilichoandikwa. Muda nao unahesabika: miaka 6 kwa kuvunjwa mkataba, miaka 3 kwa uzembe.

Muoneni wakili ana kwa ana, bila kungoja ushahidi wote ukamilike, ikiwa kuna aliyeumia, dalali amefika kuchukua gari, au kampuni imeleta mkataba mpya wa "kupunguziwa mkopo". Mikataba hiyo huja na mstari unaofuta madai yote ya nyuma, na ukishatia sahihi hakuna wa kukuokoa. Chama cha Mawakili kina tawi Mombasa, na asiye na uwezo aulize kuhusu msaada wa kisheria wa serikali. Aliyepata ajali awe na kumbukumbu ya hospitali na ile ya polisi.

Uliuliza kuhusu kuitoa traka. Usiitoe. Karibu mikataba yote ya namna hii huhesabu kuing'oa kama kuvunja mkataba, na utakuwa umewapa sababu ya kulichukua gari na umeharibu ushahidi wako mwenyewe, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayeamini rilei ilikuwa wapi. Unachoweza kufanya wiki hii ni kumpelekea fundi afungue kifuniko tu, apige picha za rilei, rangi za nyaya na viungo vilivyofungwa tepu, bila kukata chochote. Akikuta iko kwenye njia ya pampu, iandikie kampuni siku hiyo hiyo kwamba gari ni hatari kwa abiria, na uwatake waihamishie kwenye stata kwa gharama yao. Mpaka waje, lipa kabla ya Jumatatu saa sita usiku, na kama umechelewa, usibebe abiria mpaka wakuthibitishie kwa maandishi kwamba amri ya kuzima imeondolewa kwenye foleni.